Pa Kumzika Mdogo Wake

Kaskazini: bahari.

Hilo ndilo neno la kwanza nililoliandika kwenye wasifu wa kijiji, na nilipoliandika nilikuwa nimesimama juu ya mpaka wenyewe. Mpaka ulinifika kwenye vifundo vya miguu. Nikarudi nyuma, ukanifuata. Mimi si mtu wa kugombana na maji, lakini Ofisi iliyonituma haipendi mpaka unaotembea. Inataka mpaka uliotulia, wenye jiwe au mti wa kuonyeshea kidole. Nikatafuta mti. Kulikuwa na minazi iliyosimama ndani ya maji bila vichwa, na mwanamke mmoja aliyekuwa akianika uduvi juu ya jukwaa la mianzi akaniambia nisijisumbue, minazi ile ilikuwa katikati ya kijiji.

Kusini: barabara kuu, malori, viwanda vya viatu, na mashamba ya mpunga yaliyoonja chumvi yakaacha kazi. Mashariki: mto, ambao siku nyingine hutiririka kuelekea ulikotoka. Magharibi: kijiji kingine. Hicho kimebaki kuba la msikiti tu, juu yake wanatua yangeyange, lakini makondakta wa mabasi kule barabarani bado wanalitangaza jina lake kwa sauti kubwa, na wako abiria wanaoshuka. Niliwaona kwa macho yangu. Wanashuka na mizigo yao, wanasimama kidogo wakitazama maji, kisha wanavuka barabara na kungoja basi la kurudi. Nikauliza wanatafuta nini. Nikaambiwa wamefika kwao.

Nyuma ya hayo yote, kusini zaidi, uko mlima. Hii ni pwani ya kaskazini ya Java na katika kisiwa hiki mlima hukosi popote unapogeuka, ila mlima huu una habari yake. Unachimbwa. Unapakiwa kwenye malori, unashushwa barabarani, unaingizwa kijijini kwa mikokoteni na kwa magunia mabegani, na unamwagwa ndani ya nyumba za watu. Kwa hiyo mlima unahamia kijijini kidogo kidogo, na mimi sikujua niuandike upande gani wa dira.

Ngoja nieleze. Bahari huingia sebuleni kila siku inapojaa, hukaa, hutoka. Mwenye nyumba akichoka kuosha tope hununua udongo wa mlimani, hujaza ndani, huinua sakafu, hupanga vigae vipya, na kwa miaka michache huishi mkavu kama binadamu wengine. Kisha ardhi yote huzama tena na bahari hubisha hodi. Anajaza tena. Sakafu inapanda, paa linabaki palepale, maana kuinua paa ni gharama ya mtu mwingine kabisa. Ndiyo sababu milango ya hapa imebaki nusu, na madirisha yako usawa wa ugoko ambapo kuku huingia na kutoka bila kuruka. Kwingine watu husema wakati unapita. Hapa wakati haupiti, unapanda. Mtu akitaka kumkumbuka babu yake hatazami nyuma, anatazama chini, kwa sababu babu alikaa hapohapo alipokaa yeye, ila chini ya vigae.

Na kila atokaye nyumbani hutoka ameinama. Wajava wana adabu yao ya kuinama wapitapo mbele ya wakubwa, kwa hiyo siwezi kumlaumu sana yule bwana mkubwa wa wilayani aliyewahi kufika hapa asubuhi moja, akawakuta wazee kwa vijana wakitokea milangoni migongo imepinda. Alifurahi kupita kiasi. Alisema hajaona watu wenye heshima namna hii. Akawauliza palepale, kwa kipaza sauti, kama wamekubali kuhamia nyumba mpya zilizojengwa bara, na kila aliyetoka nje kusikia swali alitoka ameinama. Basi kijiji kikaandikwa kuwa kimekubali.

Nimekaa na jambo hili mno. Mtu akiinama nyumbani kwake mwenyewe, anamwinamia nani? Dari? Mlima uliokuja kulala chini ya miguu yake? Na mkubwa akiona mgongo, afanyeje asidhani ni ndiyo? Nina hasira na yule bwana, na nina hasira na dari. Nimezipima hasira hizo mbili nikaona hazitofautiani.

Nyumba niliyofikia ilikuwa ya Karsono, kijana wa miaka ishirini na kitu anayeishi kwa kuvua uduvi, pamoja na mkewe Wartini na bibi yake Wartini, Mbah Painah. Mbah ni bibi au babu, yeyote aliyekwisha kuzeeka vya kutosha kutoogopa wageni. Mbah Painah alikuwa ameketi mlangoni akitwanga uduvi uliooza vizuri, ule wanaougeuza terasi, kiungo kinachonuka kwenye nguo zangu hadi leo.

"Umechelewa," aliniambia. "Mara iliyopita ulikuja kiangazi."

"Mbah, mimi sijawahi kufika hapa."

"Ulifika. Ulikuwa na masharubu. Na kabla ya hapo ulikuja ukiwa mwanamke, mnene kidogo, mcheshi kuliko sasa."

Karsono aliona haya kwa niaba yake. "Utusamehe, Pak," alisema, akiniita bwana kwa lugha yao. "Kwa Mbah, mtu wa Ofisi ni mmoja tu."

Nilicheka, kama inavyotakiwa. Lakini nilipoingia ndani niliinama kabla sijaambiwa, na mguu wangu uliruka kigae kilichopasuka kabla jicho halijakiona. Nikakaa kwenye mkeka. Inawezekana Ofisi hutuma watu wengi ambao ni mtu mmoja. Inawezekana nilikuja, nikaandika Kaskazini: bahari, nikarudi, nikasahau, nikatumwa tena. Kama ni hivyo basi mipaka ya kijiji naijua kuliko yangu mwenyewe.

"Kitovu chako kimezikwa wapi?" Mbah Painah aliuliza bila kuacha kutwanga.

Kwetu watu husema kitovu wakimaanisha nyumbani, na wengi wetu hatujui hata ni shimo lipi. Nilimjibu kwamba sijui.

"Hujui upande gani wa mlango?"

"Sijui hata mlango gani, Mbah."

Alinitazama kama mtu anayetazama sahani isiyo na chakula, akamwambia Wartini aniongezee wali.

Wartini alikuwa na mimba ya siku za mwisho. Alitembea akijishika kiuno kwa mkono mmoja na ukuta kwa mkono mwingine. Hakuwa msemaji. Siku zote nilizokaa pale watu walizungumza juu ya tumbo lake mbele yake, na yeye alikuwa akichambua uduvi.

Mazungumzo yenyewe yalikuwa ya jambo moja tu, na ndiyo yaliyonishika nisirudi Ofisini. Kwao mtoto hazaliwi peke yake. Maji ya uzazi hutangulia kutoka, kwa hiyo ndiyo kaka yake mkubwa. Kondo la nyuma hufuata, kwa hiyo ni mdogo wake. Kaka hutiririka akaenda zake, hana wa kumshika. Mdogo hubaki. Baba mtu hulichukua kondo, huliosha kwa mikono yake mwenyewe, hulifunga kitambaa cheupe, hulitia kwenye chungu pamoja na chumvi, sindano na uzi, na kikaratasi chenye herufi ili mtoto apende shule. Hukibeba chungu kwa mbeleko kama anavyobebwa mtoto. Hukizika mbele ya nyumba, kulia kwa mlango akiwa mwana wa kiume, kushoto akiwa wa kike, akawasha taa juu yake. Tangu siku hiyo mtu ana mahali. Aende atakakokwenda, akaolewe ng'ambo, akafanye kazi meli za wageni, mdogo wake yuko palepale mlangoni anamngoja, na anapoumwa bila sababu ni yeye anayemwita.

Sasa mbele ya nyumba ya Karsono hapakuwa na ardhi. Palikuwa na daraja la mianzi, na chini ya daraja palikuwa na kaka. Kaka wa watu wote alikuwa amerudi, mkubwa kuliko alivyoondoka, na amelala uani.

Kwa hiyo swali lilikuwa hili: mdogo wa mtoto atazikwa wapi?

Mkuu wa kijiji, Pak Juwadi, alikuwa na jibu. Alikuja nalo karibu kila siku akiwa amevua viatu na kukunja suruali. Ni mtu mpole, mwenye uso wa mtu aliyenyimwa usingizi.

"Karsono, mwanangu," alisema, "nyumba zile za bara zina udongo mkavu. Mbele ya mlango kuna nyasi, nimeziona. Mkazike kule. Gari nitalitafuta mimi, litangoja barabarani."

"Mtoto azaliwe hapa, mdogo wake akae kule?" Mbah Painah alisema. "Ataitwa huko kila siku. Hatatulia mpaka aende."

"Basi aende, Mbah! Ndicho ninachosema. Nani atabaki hapa? Hawa ndio wa mwisho wenye kuzaa. Wengine sote ni wazee na kuku."

"Na wewe, wadogo wa wanao umewazika wapi?"

Pak Juwadi aligeuka akaonyesha maji, mahali ambapo hapakuwa na chochote ila maji. "Wangu wako pale. Wote. Nilikuwa nikienda kuwawashia taa, nikashindwa, mtu hawezi kuwasha taa juu ya maji. Unadhani napenda, Mbah? Sipendi. Lakini sitaki mtoto wa Karsono azikiwe mdogo wake majini kama wangu."

Karsono alishika tama. Akienda bara, mtoto ni wa bara, na yeye na mkewe watamfuata, na kijiji kitabaki kuitwa na makondakta. Akibaki, hana hata shimo la kumpa mwanawe. Nilimwonea huruma hadi nikashindwa kuandika ukurasa wa shughuli za kiuchumi.

Chupa ilipasuka adhuhuri, bahari ikiwa inaingia sebuleni. Kwa dakika kadhaa hakuna aliyeweza kusema maji yapi ni yapi. Mkunga wa zahanati alikuja juu ya daraja la mianzi na mkoba wake kichwani, akatufukuza wanaume nyuma ya pazia, na tulikaa huko miguu ikiwa majini tukisikia Wartini akiguna. Hakupiga kelele. Mtoto ndiye aliyepiga. Alikuwa wa kike.

Kushoto kwa mlango, basi.

Karsono aliliosha kondo. Nilimwona akiliosha, polepole, akitia vidole kila mkunjo kama mtu anayemwosha mtoto nyuma ya masikio. Alilifunga, akalitia chunguni, akafunika. Halafu akapiga moyo konde na kuchukua mtaimbo.

"Nitazika ndani," alisema. "Ndani, kushoto kwa mlango. Nitachimba mpaka niufikie udongo wetu wenyewe, si huu wa mlimani."

Maji yalikuwa yameanza kutoka na sakafu ilikuwa inang'aa. Nilishika sepetu. Hakuna aliyeniomba.

Vigae vyeupe. Karsono mwenyewe, mwaka wa harusi yake. Chini yake udongo mwekundu wa mlima. Chini yake vigae vya kijani vyenye maua. Nani huyo? Baba yake, alisema Mbah Painah, alipenda maua, tulimcheka. Udongo mwekundu tena. Saruji. Babu. Kwenye saruji alama ya unyayo wa mtoto aliyekanyaga kabla haijakauka. Nani? Hakuna aliyejua. Labda ni mimi. Nilipita hapa nikiwa na masharubu, nilipita nikiwa mwanamke, kwa nini nisipite nikiwa mtoto? Niliweka kiganja juu ya unyayo ule, ulikuwa baridi. Nilikuwa nachimba kushuka kwenye miaka, na kila mwaka niliokutana nao ulikuwa na mtu aliyesimama juu yake akidhani hiyo ndiyo sakafu. Udongo tena. Kisha, chini kabisa, rangi ikabadilika ikawa nyeusi, laini, yenye vipande vya makombe, na Karsono akapiga magoti. Ndio huo. Ndio udongo wenyewe, kijiji chenyewe, kinene kuliko neno lolote nililowahi kuandikia Ofisi. Kwa muda wa pumzi moja niliamini nimekiona nilichotumwa kukiona.

Kisha maji yakachuruzika pembeni mwa shimo, yakajaa.

Karsono alikishusha chungu. Kikaelea. Akakisukuma chini, akakiachia, kikapanda tena kikizunguka polepole, kitambaa cheupe kikichungulia. Nikaleta jiwe.

"Utamwekea mdogo wa mtoto jiwe kifuani?" Mbah Painah alinifokea. "Amekukosea nini?"

Nikaliweka jiwe kando kwa aibu. Karsono alilala kifudifudi kwenye vigae, akazamisha mkono mpaka begani, akakishikilia chungu kwa nguvu chini kule kwenye udongo mweusi, akaniambia nijaze. Nikajaza. Udongo niliotupa ukawa uji na kutawanyika. Nikatupa mwingine. Maji yalizidi kupanda, na shavu lake lilikuwa limelazwa sakafuni, na alikuwa analia, bila sauti, macho wazi.

"Nitakishika," alisema. "Nitakishika tu."

Mtu hawezi kumshika mdogo wa mwanawe mpaka mwisho wa maisha. Wote tulijua. Pak Juwadi, aliyekuwa amefika kutoa pongezi na kukuta nyumba imepasuliwa, alichuchumaa karibu naye, akamwekea mkono mgongoni.

"Mwachilie, mwanangu. Umejitahidi. Gari liko barabarani. Twende, jua halijatua."

Mbah Painah aliinamisha kichwa. Hilo ndilo lililonivunja moyo, kwamba hata yeye aliinama.

"Mas Karsono."

Ilikuwa sauti ya Wartini nyuma ya pazia, akimwita mumewe kwa heshima ya kwao. Nakiri nilikuwa nimemsahau; sote tulikuwa tumemsahau, tulikuwa tukimpiganisha mwanawe na bahari bila yeye. Alikuwa amefungua pazia kwa mguu kwa sababu mikono ilikuwa na mtoto.

"Kitoe," alisema.

Karsono aliinua kichwa. "Nikitoa tunahama, Tin."

"Sijasema tunahama. Nimesema kitoe, unamtesa. Kitoe ukikaushe, ukitundike."

"Nikitundike wapi?"

"Juu ya hapohapo ulipochimba. Kwenye boriti."

Tukatazama juu. Boriti ilikuwa karibu kuliko nilivyodhani, ukinyoosha mkono unaigusa kwa ncha za vidole. Pak Juwadi alimgeukia Mbah Painah kama anayetafuta ruhusa ya kukataa. Mbah Painah alifikiri.

"Wako waliotundika," alisema taratibu. "Zamani. Si sisi, lakini wako. Ila cha kutundikwa hakijazikwa, Nduk, binti yangu. Mdogo wake atakaa hewani mpaka lini?"

"Mpaka sakafu imfikie," Wartini alisema.

Alilisema jambo hilo kama anavyoagiza chumvi. Nilihitaji muda kulielewa, na nilipolielewa nililia mbele za watu, mimi niliyekuja kuandika mipaka. Kila miaka michache mlima utaingia kwa magunia. Vigae vipya vitafunika hivi vyeupe, vingine vitafunika hivyo, na sakafu itapanda kama ilivyopanda siku zote, mpaka siku moja udongo utakigusa chungu kwa chini, kisha ubavuni, kisha utakifunika pale kilipo, kushoto kwa mlango, bila mtu kuchimba na bila chungu kusogea hata kidogo. Walikuwa wakitafuta ardhi chini na ardhi ilikuwa inakuja.

Pak Juwadi alisimama. Hakuwa na hasira, alikuwa na hofu ya kweli, na aliuliza kama mtu mzima anavyotakiwa kuuliza.

"Na wakati huo watu mtakaa wapi, Wartini? Sakafu ikifika kwenye boriti, wewe na mumeo mtalala wapi? Juu ya paa?"

Wartini alimhamisha mtoto titi.

"Sijui, Pak," alisema. "Wakati huo atakuwa msichana mkubwa. Mtamwuliza mwenyewe kama anataka kukaa."

Karsono alikitoa chungu majini, akakifuta kwa shati lake. Mbah Painah alikata kamba ya nyavu. Pak Juwadi alibaki amesimama kidogo akimtazama mtoto, kisha akatafuta kiti, akakiweka kando ya shimo, akakishika kwa mikono miwili kisiteleze, na Karsono akapanda.